Mzizi wa Kusimama: Tahakiki ya Usomaji wa Mizizi ya Kihindi-Kiulaya

Utangulizi

Miongoni mwa mizizi ya vitenzi ambayo wanaisimu wameiunda upya kwa niaba ya lugha mame ya Kihindi-Kiulaya, michache imezaa ukoo mkubwa kama ule unaoandikwa *steh₂-, ambao kwa desturi hupewa maana ya kusimama. Wazao wake wameenea kutoka Ireland hadi Bara Hindi, na baadhi yao, kama tutakavyoona, wamefika hadi vinywani mwetu sisi wasemaji wa Kiswahili.

Makala haya hayakusudii kuwaorodhesha wazao hao. Kazi hiyo imekwisha kufanywa na mabingwa. Ipo kamusi ya Julius Pokorny iliyokamilika mwaka 1959. Lipo jedwali la mizizi alilolitayarisha Calvert Watkins kwa ajili ya kamusi ya American Heritage ya mwaka 1969. Na ipo kamusi ya vitenzi iliyosimamiwa na Helmut Rix, ambayo ilitoka mwaka 1998 na kurudiwa mwaka 2001. Kusudi letu ni kuhakiki namna orodha za aina hiyo zinavyosomwa, hasa na sisi tunaofundisha na kujifunza lugha za Kibantu.

Haja ya kufanya hivyo ilinijia kwa njia ya aibu. Mwanafunzi wangu mmoja aliniandikia insha ambamo alikusanya maneno tisa ya Kiswahili: stendi, steji, stesheni, stuli, bustani, starehe, stahimili, staajabu na simama. Yote tisa, alidai, ni watoto wa *steh₂-. Akahitimisha kwamba Kiswahili kina undugu wa damu na lugha za Ulaya. Nilimpa alama haba, nikaandika "La!" pembeni mwa ukurasa kwa wino mwekundu, nikaendelea na insha iliyofuata. Siku kadhaa baadaye nilitambua kwamba "La" yangu ilikuwa na makosa karibu sawa na insha yenyewe. Katika yale maneno tisa, matano kwa kweli yametokana na mzizi huo, ingawa si kwa njia aliyoidhania. Matatu hayana uhusiano wowote nao. Na moja lilikuwa kosa la aina nyingine kabisa. Kijana yule alikuwa amefanya kile tulichomfundisha, yaani kutafuta mfanano. Hatukuwa tumemfundisha mfanano upimwe kwa kipimo gani. Makala haya ni malipo ya deni hilo.

Mzizi si neno, ni hoja

Tuanze na ushahidi wenyewe. Kisanskriti kina tiṣṭhati, "yu wima, anasimama", na sthāna, "mahali". Kiyunani kina histēmi, "nasimamisha", na stasis, "kusimama". Kilatini kina stāre, "kusimama", sistere, "kusimamisha", na status, "hali, msimamo". Kigothi, ambacho ni lugha ya jamii ya Kijerumani iliyoandikwa tangu karne ya 4, kina standan, na katika wakati uliopita stōþ, ambamo herufi ya mwisho hutamkwa kama th ya "thelathini". Kislavoni cha kale kina stati, Kilituania kina stóti, na Kiajemi kina istādan.

Anayeitazama orodha hii kwa mara ya kwanza huvutiwa na st iliyomo katika kila neno, akadhani hapo ndipo ulipo uthibitisho. La hasha. Sauti mbili zinazofanana zaweza kukutana kwa bahati katika lugha zozote mbili duniani. Nguvu ya hoja imo katika jambo ambalo halifanani, yaani irabu.

Hapa msomaji wa Kenya hana haja ya kwenda mbali ili aelewe. Kiswahili husema panda, Kikuyu husema handa. Kiswahili husema paka, Kikuyu husema haka. Kiswahili kina -pa ya kumpa mtu kitu, Kikuyu kina -he. Sauti p na h hazifanani, lakini hukutana kwa utaratibu usiobadilika, na ni utaratibu huo, wala si mfanano, unaotufanya tuseme kwamba maneno haya yametoka katika chanzo kimoja.

Ndivyo ilivyo katika mzizi wetu. Pale Kisanskriti na Kilatini penye ā ndefu, Kiyunani cha Athene huwa na ē, jamii ya Kijerumani huwa na ō, Kilituania huwa na o, na Kislavoni huwa na a. Tukiligeukia neno la "mama" twakuta mpangilio ule ule: Kisanskriti mātar-, Kilatini māter, Kiyunani mētēr, Kiingereza cha kale mōdor, Kilituania mótė, Kislavoni mati. Tukiligeukia neno la "ndugu" twakuta tena Kisanskriti bhrātar-, Kilatini frāter, Kigothi brōþar. Kwa hiyo ō ya stōþ na ā ya stāre zimefungamana kwa kanuni inayotawala maneno mengine mengi ambayo hayana habari yoyote na kusimama.

Kuna ushahidi wa pili, mwembamba zaidi na kwa hiyo wenye thamani zaidi. Mzizi huu una umbo fupi pia. Kisanskriti kina sthita, "aliyesimama", Kiyunani kina statos, Kilatini kina status. Mahali pa irabu fupi, Kisanskriti kimeweka i na wenzake wameweka a. Je, ni ajali? Tulitazame neno la "baba": Kisanskriti pitar-, Kiyunani patēr, Kilatini pater. Ni i kwa a kwa a, vile vile.

Mwanafunzi makini atauliza: ikiwa p ya pater imegeuka f katika Kigothi fadar, na t ya Kilatini trēs, "tatu", imegeuka th katika Kiingereza three, mbona t ya stāre haikugeuka katika standan? Swali ni zuri, na jibu lake limo ndani ya kanuni yenyewe, ile iliyofafanuliwa na Jacob Grimm mwaka 1822. Sauti t haibadiliki inapotanguliwa na s. Kilatini kina est, "ni", na Kijerumani kina ist. T imesalia vile vile. Hapa kanuni haikuvunjwa. Ina mpaka wake, na mpaka huo nao hufuatwa kwa utaratibu.

Sasa tunaweza kusema kinyota kinachotangulia *steh₂- kina maana gani. Hakisemi kwamba watu fulani, mahali fulani, walitamka neno hili hasa. Kinasema: huu ni muhtasari wa milingano tuliyoiona, ulioandikwa kwa njia fupi iwezekanayo. Mzizi si neno, ni hoja. Hoja hubadilika ushahidi unapoongezeka.

August Schleicher, ambaye ndiye aliyeieneza desturi ya kinyota, alithubutu mwaka 1868 kuandika hadithi fupi nzima ya kondoo na farasi katika lugha mame hiyo. Hermann Hirt aliiandika upya, ikatolewa mwaka 1939. Lehmann na Zgusta waliiandika upya tena mwaka 1979. Hadithi ni ile ile, bali kila mara maneno yamebadilika sura, maana katikati ya miaka hiyo elimu ya irabu za Kihindi-Kiulaya ilikuwa imepinduka. Atakayeisoma hadithi hiyo kama sauti ya mababu atakuwa amekosea. Ni sauti ya mtaalamu wa mwaka fulani.

Ile h₂ ya ajabu katika mzizi wetu ni mfano bora wa jambo hili. Pokorny hakuiandika, kwake mzizi ulikuwa stā- tu. Lakini mapema zaidi, Ferdinand de Saussure, akiwa kijana wa miaka 21, alikuwa ametoa katika kitabu kilichobeba tarehe ya mwaka 1879 rai kwamba irabu ndefu za aina hii zilitokana na irabu fupi iliyofuatwa na sauti fulani ambayo ilikuwa imetoweka katika lugha zote zilizojulikana wakati huo. Baadaye alionyesha kwamba sauti hiyo hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini Kisanskriti kina th yenye pumzi katika tiṣṭhati na sthāna, ilhali wenzake wana t kavu. Wengi waliona hayo kuwa ni mchezo wa hesabu. Mwaka 1915 Bedřich Hrozný alitangaza kwamba Kihiti, lugha ya vigae vilivyofukuliwa Uturuki, ni ya jamii hii. Na mwaka 1927 Jerzy Kuryłowicz alionyesha kwamba Kihiti kinaandika ḫ mahali pale ambapo rai ya Saussure ilihitaji sauti. Kilatini kina ante, "mbele". Kihiti kina ḫant-, "paji la uso, mbele". Iliyokuwa dhana ikapata maandishi ya miaka zaidi ya 3,000.

Maana: faida ya kusema "amesimama"

Kufikia hapa tumezungumzia sauti. Lakini mzizi una maana pia, na hapa ndipo nionapo kwamba orodha nyingi humpotosha msomaji, na ndipo msemaji wa Kiswahili anapokuwa na faida asiyoitambua.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo, mwalimu wetu alituandikia mzizi huu ubaoni pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza, kitenzi stand. Akamtaka kila mmoja atoe sentensi ya kwao yenye maana ya "mtu yuko wima sasa hivi". Nilipofikiwa nikasema "amesimama", na nilipoombwa kuichambua nikaeleza kwamba -me- ni alama ya tendo lililokwisha timia. Mwenzangu mmoja akanisahihisha kwa upole: huenda nimechanganya nyakati, kwa sababu mtu huyo bado anaendelea kusimama. Sikuwa nimechanganya chochote. Anayesema "anasimama" katika Kiswahili aghalabu ataeleweka kuwa mtu huyo ndiyo kwanza anainuka kitini, au kwamba ni mazoea yake. Aliye wima tayari amesimama. Aliye kitini ameketi. Aliye kitandani amelala. Kitenzi chetu hutaja tendo la kuingia katika hali, na hali yenyewe huonekana kuwa ni matokeo ya tendo hilo.

Miaka ilipita kabla sijafahamu kwamba nilikuwa nimejibu swali la Kihindi-Kiulaya pasipo kujua. Tuutazame ushahidi wa Kiyunani. Kutokana na mzizi huu Kiyunani kina estēn, lenye maana ya "nilisimama", yaani nilichukua nafasi yangu, nilitua. Na kina hestēka, ambalo kwa umbo ni la tendo lililotimia, bali maana yake ni "niko wima sasa". Estēn ni "nilisimama". Hestēka ni "nimesimama". Mgawanyo ni ule ule wa kwetu. Kwa sababu hii kamusi ya Rix haikuupa mzizi maana ya kuwa wima, bali ya kutia mguu mahali, kujisimamisha. Hali ya kudumu wima ni matokeo, si kiini.

Nasema tafsiri ya stand hupotosha kwa sababu kitenzi hicho cha Kiingereza cha leo hutaja hasa hali. Mwanafunzi anayepitia Kiingereza peke yake ataona umbo la hestēka kuwa ni kioja cha Kiyunani kinachohitaji kukaririwa. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili hana cha kukariri. Naye mwalimu anayemfundisha kwa kumpitisha kwanza katika lugha ya tatu anamnyang'anya taa aliyokuwa nayo mkononi.

Hali kadhalika, mabadiliko ya maana katika wazao wa mbali hayatushangazi. Kihispania estar, kilichotoka katika Kilatini stāre, kimekuwa kitenzi cha kuwa. Kiairishi tá, kutoka mzizi huo huo ukitanguliwa na kiambishi, sasa chamaanisha "yuko, ni". Sisi nasi twasema mtu "anakaa Lamu" hata akishinda kutwa nzima wima dukani, na mtu "anakaa mgonjwa" ingawa hajaketi popote. Vitenzi vya mkao huelekea kuwa vitenzi vya kuwako. Lakini tuangalie: kufanana huku kwa njia za maana si undugu. Ni kwamba binadamu wote wana miguu na makalio, na lugha zao hutumia viungo hivyo kwa namna zinazokaribiana.

Maneno matano na milango yake

Turudi sasa kwenye insha. Maneno stendi, steji, stesheni, stuli na bustani kwa hakika yanarudi kwenye *steh₂-. Kosa la mwanafunzi lilikuwa kudhani kwamba kila kilichotoka katika chanzo kimepitia mlango mmoja.

Bustani limetoka Uajemi. Huko lilikuwa bustān, lililoungwa kwa bū, "harufu nzuri", na -stān, "mahali". Kiarabu kikalichukua, nasi tukalipata. Ile -stān ndiyo iliyomo katika majina kama Pakistan na Afghanistan, na ni jamaa wa karibu wa sthāna ya Kisanskriti. Stesheni lilikuja kutoka Kiingereza, pamoja na reli ambayo ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Steji, ambapo Mkenya hungojea matatu, na stendi, ambapo jirani yake Mtanzania hungojea basi, nayo yametoka Kiingereza. Stuli pia.

Lakini Kiingereza chenyewe kiliyapata wapi? Hili ndilo swali ambalo orodha za mizizi hulifunika. Stand na stool Kiingereza kimeyarithi kutoka kwa wahenga wake wa Kijerumani; ō ya kale ingali inaonekana katika stood, umbo la wakati uliopita, kama mama anavyoonekana katika uso wa mwana. Station na stage hakikuyarithi. Kiliyakopa kutoka Kifaransa, ambacho kiliyatoa katika Kilatini. Na system kilikopa kutoka Kiyunani, ambako limetokana na histēmi. Katika ukurasa mmoja wa kamusi maneno haya yote hupangwa chini ya kichwa kimoja, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja waliokulia nyumba moja. Kumbe stand ni mwana wa nyumbani, na station ni mtoto wa binamu aliyekuja kulelewa.

Jambo hili si dogo kwetu. Kwa miaka mingi Kiswahili kimesumbuliwa na dai kwamba si lugha ya Kibantu kamili, kwamba ni chotara, kwa sababu kimejaa maneno ya Kiarabu na ya wageni wengine. Nimelisikia dai hilo katika semina, likitolewa na msomi wa shahada za juu, na mfano wake ulikuwa ni neno hili hili la bustani. Basi na tukitumie kipimo hicho hicho kwa Kiingereza. Ukoo mzima wa *steh₂- katika Kiingereza umejaa wageni kutoka Ufaransa, Roma na Uyunani, kuliko hata wenyeji. Je, kuna mwanaisimu anayesema kwamba Kiingereza si lugha ya jamii ya Kijerumani? Hakuna. Nasaba ya lugha haihesabiwi kwa wingi wa maneno. Huhesabiwa kwa milingano ya sauti katika msamiati wa msingi na kwa mfumo wa sarufi uliorithiwa. Kwa kipimo hicho, kazi ya Derek Nurse na Thomas Hinnebusch ya mwaka 1993 imekiweka Kiswahili katika kundi la Sabaki pamoja na Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro. Kukopa bustani hakukukihamisha kutoka hapo, kama vile kukopa station hakukukihamisha Kiingereza kwenda Roma.

Mtego wa sta-

Maneno starehe, stahimili na staajabu ni habari nyingine. Yanaanza kwa sta-, kama status ya Kilatini, na jicho lisilofunzwa litayaweka kapu moja. Lakini Kiswahili chenyewe kinatupa njia rahisi ya kuyapima. Tukiondoa sta- katika staajabu, twabaki na ajabu. Tukiiondoa katika stahimili, twabaki na himili. Katika starehe tunaona mabaki ya raha. Yaani sta- si sehemu ya mzizi. Ni kitu kilichopachikwa mbele yake. Ni masalio ya kiambishi ista- cha Kiarabu, ambacho hujenga umbo la kumi la vitenzi vya lugha hiyo juu ya mzizi wa konsonanti tatu. Irabu ya mwanzo imedondoka katika safari ya kuingia Kiswahili. Kiarabu ni lugha ya Kisemiti, na mfumo wake wa konsonanti tatu hauhusiani na ule wa Kihindi-Kiulaya.

Sasa tuijaribu stendi kwa kipimo hicho. Tukiondoa st- hatubaki na chochote chenye maana. Hapa st ni mfupa wa neno. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha maneno mawili ni sharti kwanza kuyachambua kila moja katika lugha yake. Anayelinganisha maneno mazima bila kuyachambua analinganisha nguo, akidhani kwamba ameona miili.

Neno la mwisho

Limebaki simama. Hili ni la Kibantu, na mwanafunzi wangu alilihusisha na stand kwa sababu ya maana moja na herufi s. Tulichambue. Kiswahili kina jozi kama inama na inika, angama na angika, simama na simika. Tamati -ama hutaja kiumbe au kitu kilicho katika mkao. Tamati -ika katika jozi hizi hutaja kukiweka kitu katika mkao huo. Viambishi hivi havikubuniwa na Kiswahili peke yake. Ni vya kale, na wenzake katika Kibantu wanavyo. Tukiviondoa, twabaki na sim-, ambayo ina s peke yake ya kulinganisha na *steh₂-. Hatuna neno la pili wala la tatu ambamo Kiswahili s na m hukutana kwa utaratibu na st ya Kihindi-Kiulaya. Pasipo utaratibu hapana hoja, na pasipo hoja hapana mzizi wa pamoja.

Wenye haki ya kuitwa ndugu tuwatafute jirani. Neno letu wima lina jamaa zake: Kichewa -ima, Kizulu -ma ambayo katika kuamrisha huwa yima, na Kiganda -yimirira, yote yakihusu kusimama. Njia ya kuwakusanya hawa na kuwaundia mzizi wao ni ile ile iliyotumiwa kwa *steh₂-. Carl Meinhof aliianzisha kwa upana katika kitabu chake cha mwaka 1899 juu ya fonolojia ya Kibantu, na Malcolm Guthrie aliipanua katika majuzuu manne yaliyotoka kati ya mwaka 1967 na 1971. Tukiyasoma hayo tukumbuke lile tulilolisema juu ya hadithi ya Schleicher: vinyota vya Guthrie navyo ni hoja za mwaka fulani, na hoja huhojiwa. Vingine vimekwisha kurekebishwa, na vingine vingali vinangoja wahakiki kutoka miongoni mwa wasemaji wenyewe.

Hitimisho

Yako majaribu mawili yanayomkabili mwanafunzi wa lugha za Kiafrika aingiapo katika uwanja huu. La kwanza ni kukubali kwamba lugha yake haina nasaba kwa kuwa imekopa. La pili ni kutaka kuipa heshima lugha hiyo kwa kuitafutia undugu na lugha zilizokwisha kuheshimiwa, iwe ni Kisanskriti, Kilatini au nyingineyo. Majaribu hayo huonekana kupingana, lakini yana baba mmoja, nacho ni mfanano usiopimwa. Mwanafunzi wangu aliangukia la pili. Yule msomi wa semina aliangukia la kwanza. Mimi mwenyewe, kwa ile "La" yangu ya wino mwekundu, sikuwasaidia wote wawili.

Nimekwisha kumrudishia kijana yule insha yake, mara hii ikiwa na kurasa tatu za maelezo yangu mwishoni, na nimemrekebishia alama. Nilimwandikia kwamba maneno matano ni ya kweli, na afuate mlango wa kila moja. Kwamba matatu ayavue nguo kwanza kabla ya kuyaita majina. Na kwamba la tisa alipeleke kwa Wachewa na Waganda, ambako litatambuliwa.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Ni kweli. Lakini asili haijulikani kwa kukisia. Hujulikana kwa kulinganisha, kwa kuchambua na kwa kukubali kushindwa pale utaratibu unapokosekana. Vyuo vyetu vina wanafunzi ambao kila mmoja huja darasani na lugha mbili tatu za Kibantu kinywani, hazina ambayo Grimm na Schleicher hawakuwa nayo kwa upande wa lugha hizi. Ikiwa tutaendelea kuwafundisha mizizi ya watu wengine kama orodha ya kukariri, tutawanyima chombo. Tukiwafundisha kama hoja, watarudi nyumbani kwao, watasikiliza handa na panda, nao wataandika vinyota vyao wenyewe.